Damu Iliyomwagwa na Asiyejulikana: Wajibu wa Kanisa wa Kukumbuka

Katika Kumbukumbu la Torati 21:1-9 imo sheria ambayo ni mara chache kusomwa katika ibada zetu. Yahusu maiti ya mtu aliyeuawa, ikionekana kondeni, wala hajulikani aliyemwua. Torati haikuagiza mtu huyo azikwe na shauri lake lifungwe. Iliwaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime umbali toka pale alipolala hadi miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio waliopaswa kumpeleka mtamba bondeni, kumvunja shingo, kunawa mikono juu yake, na kukiri kwamba si mikono yao iliyomwaga damu ile, wala macho yao hayakuona ikimwagwa. Makuhani nao walitakiwa kuwapo.

Tunajifunza hapa mambo mawili. Kwanza, kutojulikana kwa mwuaji hakuondoi wajibu. Kunauweka juu ya jumuiya iliyo jirani. Pili, ungamo lile lina sehemu mbili, mikono na macho. Mtu ambaye hakuua lakini aliona hawezi kunawa pamoja na wenzake. Hana budi kusema kwanza. Basi ibada ile ilikuwa pia mwito kwa mashahidi. Pilato naye alinawa mikono, lakini alinawa ili aache kuwajibika, hali wazee wa Israeli walinawa baada ya kwenda, kupima na kuuliza.

Historia ya jirani zetu wa Kenya inatuonyesha jinsi sheria hiyo inavyotuhusu. Mwezi Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong. Kamati teule ya Bunge ilichunguza na kutoa taarifa mwaka huohuo, wala hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mwezi Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje, Dk. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana karibu na kilima cha Got Alila. Wapelelezi waliitwa kutoka Uingereza, na tume ikaundwa chini ya Jaji Evan Gicheru. Lakini Novemba 1991 Rais aliivunja kabla haijamaliza kazi. Katika mashauri hayo mawili watu waliitwa kupima umbali, na kipimo hakikufika mwisho.

Shauri la tatu linatufundisha zaidi. Padre John Kaiser, mmisionari Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alifika Kenya mwaka 1964. Katika miaka ya 1990 alihudumu kambini Maela, miongoni mwa watu waliofukuzwa mashambani mwao na mapigano ya kikabila. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo, akawataja hadharani wakubwa wa serikali. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara huko Morendat, karibu na Naivasha, ameumizwa kichwani kwa risasi za bunduki yake mwenyewe. Mwaka 2001 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa taarifa iliyoelekea kuonyesha kwamba alijiua.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo. Lakini maaskofu Wakatoliki wa Kenya, jamaa zake na watetezi wa haki za binadamu hawakuikubali taarifa ile, nao waliendelea kudai uchunguzi wa hadhara mahakamani. Uchunguzi huo ulianza mwaka 2003, baada ya serikali kubadilika. Tarehe 1 Agosti 2007 hakimu alitamka kwamba Padre Kaiser hakujiua, bali aliuawa. Ila ushahidi uliokuwapo haukutosha kumtaja mwuaji.

Wako watakaosema kwamba miaka saba ya kudai haikuzaa kitu. Sisi hatuoni hivyo. Mwuaji hakupatikana, lakini uongo juu ya marehemu uliondolewa. Mtu aliyeuawa kisha akasemwa kuwa amejiua ameuawa mara mbili: mara ya kwanza mwili wake, mara ya pili jina lake. Kumbukumbu ya Kanisa haikuweza kuurudisha mwili, lakini jina ililirudisha.

Sisi Walutheri tunalo somo hilohilo nyumbani mwetu. Tarehe 28 Julai 1979 Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus la Ethiopia, alikamatwa na watu wenye silaha mjini Addis Ababa baada ya kuhudumu ibadani. Hakuonekana tena. Mkewe, Tsehay Tolessa, aliwekwa gerezani karibu miaka 10. Serikali ya Derg ilipoanguka mwaka 1991 ndipo njia ilipofunguka ya kuutafuta mwili. Ukapatikana, ukazikwa kwa heshima mwezi Juni 1992. Kwa miaka 13 Kanisa lilimkumbuka mtu asiye na kaburi, kama Rispa binti Aya alivyokesha juu ya mwamba akiwalinda wafu wake, hata mfalme akalazimika kusikia na kuwazika.

Luther, katika Katekisimo Kubwa, hufundisha kwamba Amri ya Tano huvunjwa pia na mtu awezaye kumkinga jirani na asimkinge. Lakini Amri ya Nane nayo yasimama palepale: hatuna ruhusa ya kumtaja mtu kuwa mwuaji kwa uvumi wa sokoni. Amri hizi mbili hutuwekea njia. Tusinyamaze, wala tusisingizie.

Kwa hiyo twawashauri wachungaji wenzetu na wanafunzi watakaotumwa sharikani. Mkristo akiuawa na mwuaji asijulikane, kitabu cha mazishi kisiandike kwamba amefariki tu. Kiandike kwamba aliuawa, tarehe na mahali, na hatua ambayo shauri limefikia. Jina lake litajwe katika maombi kila mwaka, jamaa zake wakiwapo. Wazee wa Kanisa waende kituo cha polisi na mahakamani kuuliza, tena waulize kila mwaka, hata kama jibu ni lilelile. Na katika mahubiri aliyeona aambiwe kwamba hataweza kunawa mikono mpaka aseme.

Kupima umbali ni kazi ya miguu. Wazee wa Israeli hawakuweza kuifanya wakiwa wameketi langoni. Iliwabidi waende hadi pale alipolala aliyeuawa.