Maktaba ya Shirika

Andika programu ndogo ya C inayotafuta kipeuo cha pili, ijenge kwa gcc bila kuweka -lm, na mara nyingi kiunganishi kitagoma: sqrt hakiijui. Ongeza -lm, itapita. (Iweke mwishoni mwa amri, ikitangulia, inaweza isikusaidie kitu.)

Hata hivyo, hesabu yenyewe haijaingia kwenye programu. Kilichoandikwa ndani ni jina tu, libm.so.6. Kulitafuta faili lenyewe ni kazi ya kipakiaji, programu inapowashwa. Ndiyo maana programu iliyojengwa salama kwenye kompyuta moja inaweza kukataa kuwaka kwenye nyingine: jina lipo, faili halipo. Amri ya ldd itakuonyesha kinachokosekana.

Mafaili haya, yenye kiishio .so kwenye Linux na .dll kwenye Windows, tuyaiteje? Maktaba, hilo limeshazoeleka. Ugumu uko kwenye sifa yake. “Shirikishi” linavutia, lakini mbinu shirikishi ni ile inayowashirikisha watu, na faili halimshirikishi mtu. “Maktaba ya pamoja” inaweza kudhaniwa kuwa maktaba kadhaa zilizofungwa mafungu.

Mimi nachagua “maktaba ya shirika”. Kule Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanawake wanaolima mwani hufanya kazi kwa vikundi. Kimojawapo, Msichoke, hutengeneza sabuni ya mwani. Mashine ya kusagia ikiwa ni ya kikundi kizima, hiyo ni mali ya shirika: mashine moja, lakini kila mtu na mwani wake, na unga wake anaondoka nao. Maktaba ndivyo ilivyo. Msimbo wake hukaa mara moja tu kwenye kumbukumbu, programu kumi zikautumia, na kila moja ikaweka data zake kando.

Najua msomaji wa mjini akisikia shirika atawaza TANESCO, shirika la umeme. Muktadha utamrekebisha.

Maktaba ya aina ya pili, yenye kiishio .a, ambayo vipande vyake huingizwa ndani ya programu wakati wa kujenga, ningeiita maktaba ya kunakiliwa. “Tuli” haisemi lolote. Tofauti yake na ya shirika ilionekana Aprili 2014, kasoro ya usalama ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL ilipotangazwa. Waliotumia maktaba ya shirika walibadilisha faili la libssl, wakaziwasha upya programu zao. Waliokuwa na nakala ndani walilazimika kuijenga upya kila programu.