Sayansi ya neva ya uamuzi na sera za umma

Sayansi ya neva ya uamuzi ni tawi la elimu ya ubongo linalochunguza jinsi mtu anavyopima thamani ya vitu na kuchagua kimoja. Hukutana na sera za umma hasa pale gharama inapolipwa leo na faida kuja baadaye, kama katika akiba, bima au kuacha sigara.

Mwaka 2004 Samuel McClure, akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakichagua kati ya vocha ndogo ya mapema na kubwa ya baadaye. Malipo ya papo hapo yalipokuwemo, sehemu za ndani zinazopokea dopamini kwa wingi zilichangamka zaidi. Hapo ikaenea hadithi ya ubongo wa pupa ukigombana na ubongo wa busara. Hadithi tamu, lakini mwaka 2007 Joseph Kable na Paul Glimcher waliitia shaka: sehemu hizohizo zilifuata thamani ya malipo yote, ya leo na ya mbele, kadiri mchaguaji mwenyewe alivyoyathamini.

Sera haikulazimika kungoja ugomvi huo uishe. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikuta wakulima wa mahindi karibu wote wakisema watatia mbolea msimu ujao, ila waliotimiza walikuwa kama theluthi moja. Pesa huwapo baada ya mavuno. Mbolea hutakiwa miezi kadhaa mbele, wakati mfuko umeshakauka. Katika mpango wa SAFI, mkulima alifuatwa nyumbani mara tu baada ya kuvuna, akauziwa vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mzigo akaletewa bure baadaye. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalikaribia yale ya kupunguza bei kwa asilimia 50 msimu ulipofika. Hakuna aliyepigwa picha ya ubongo.

Mahakamani mambo ni mengine. Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18, katika kesi ya Roper v. Simmons (2005), uamuzi wa majaji walio wengi haukutaja sayansi ya ubongo. Sayansi hiyo ilitajwa wazi katika kesi nyingine ya mahakama hiyo, Graham v. Florida (2010). Hata hivyo, wastani wa picha za vijana wengi haumwelezi hakimu ubongo wa huyu aliye kizimbani ulikuwaje siku ya kosa, na hukumu hizo zote mbili ziliweka mpaka kwa umri wa mshtakiwa, si kwa kipimo cha kichwa chake.