Moto wa Nyika na Kurejea kwa Milima ya Kondoa

Mtu atokaye Chang'ombe ya Dodoma, akaishika njia ya kaskazini iendayo Kondoa mwezi wa Septemba, majani yakiwa yamekauka na upepo wa kiangazi ukivuma mchana kutwa, hakosi kuona mahali ardhi ilipogeuka nyeusi kwa moto wa nyika. Naye akirudi kwa njia hiyo hiyo mwezi wa Desemba, baada ya mvua za kwanza, aghalabu atastaajabu kuona pale pale machipukizi mekundu yakitoka katika visiki alivyodhani vimekufa.

Siri yake imo chini ya udongo. Miti ya miombo huweka akiba ya uhai wake mizizini, na mche wa mninga ndio ushahidi mkubwa wa jambo hili: kila kiangazi sehemu yake ya juu hufa, kwa ukame au kwa moto, na kila masika huchipuka upya, na hali hiyo huendelea kwa miaka kadha wa kadha huku mzizi ukinenepa, hata nguvu zikitimia, mche hutoa shina refu lipitalo kimo cha miali. Mwenye kuukata mninga mkubwa leo akumbuke umri huo uliofichika kabla ya kuinua shoka.

Walakini subira ya miti ina mpaka wake. Mwaka 1933, huko Ndola katika nchi iitwayo leo Zambia, wataalamu wa misitu waligawa pori la miombo katika viwanja: vingine vikachomwa kila mwaka mapema, majani yangali na unyevu, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikakingwa na moto kabisa. Baada ya miongo ya miaka, viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilikuwa nyasi tupu zenye miti michache, vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa miombo, na vilivyokingwa vilisongamana vikawa msitu. Kwa hiyo madhara ya moto hayapimwi kwa ukali wake peke yake, bali kwa majira yake na kwa marudio yake.

Katika milima ya Irangi, wilayani Kondoa, moto haukuwa peke yake. Mapori yalifyekwa kwa kilimo, na zama za Waingereza yakafyekwa tena ili kuwafukuza mbung'o. Kisha kwato za mifugo zikaikanyaga ardhi iliyovuliwa nguo, na mvua ikachimba makorongo mekundu ambayo kina chake kilimtisha mgeni, mchanga wake ukishuka hata ziwa la Haubi. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO, ikachimba matuta na kupanda miti. Lakini hatua iliyogeuza mambo ilikuja mwaka 1979, ilipoamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256, na uchomaji wa nyika nao ukapigwa marufuku.

Amri ile ilikuwa nzito, wala si insafu kuisifu pasipo kuwataja wafugaji walioondokewa na maziwa na samadi, wakalazimika kuwapeleka ng'ombe wao mbali na makwao. Hata hivyo ardhi ilijibu. Nyasi zilitangulia, vichaka vikafuata, kisha miombo ikainuka kutoka mizizi ile ile ya kale, na mwaka 1986 Wilhelm Östberg wa Sweden aliweza kuandika kitabu juu ya mageuzi ya Kondoa. Sehemu kubwa ya kijani kile haikupandwa na mkono wa mtu. Iliachwa tu ipumzike.

Basi ewe ndugu usafishaye shamba msimu huu, usitie kiberiti mwezi wa Septemba wala Oktoba. Na ukiona moto umeingia porini, waite jirani zako mwende mkauzime ungali mdogo.