Nani Hulipia Uzoefu wa Porini? Kazi ya Ikolojia Serengeti Tangu 1951

Kijana wa Busawe aliyehitimu shahada ya ikolojia hukutana na sharti lilelile katika kila tangazo la kazi: uzoefu wa utafiti wa uwandani. Amekulia jirani na hifadhi mashuhuri kuliko zote nchini, lakini ujirani huo hauhesabiwi popote. Wengi huvilaumu vyuo kwa kufundisha nadharia tupu. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila sharti lenyewe ni la zamani kuliko vyuo vyetu, na chimbuko lake liko Seronera, si mbali na kwao.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Miaka michache baadaye Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuja na mwanawe Michael kuwahesabu wanyama kwa ndege ndogo. Michael alifariki Januari 1959, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi. Alikuwa na umri wa miaka 24, yaani rika la wahitimu wetu wa leo. Ujasiri wake hauna ubishi; lakini tujiulize ni kijana gani wa Mara wa mwaka huo angeweza kupata ndege ya kujifunzia ikolojia.

Septemba 1961, katika Azimio la Arusha la wanyamapori (tusilichanganye na lile la 1967), Mwalimu Nyerere aliyaomba mataifa mengine yasaidie kwa utaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Jibu lilikuja kwa mafungu mawili. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kuwafunza Waafrika kusimamia hifadhi. Mwaka 1966 ikaanzishwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti pale Seronera, ikiongozwa na Hugh Lamprey, yuleyule aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Mweka. Hivyo Mwafrika alifunzwa kulinda, na swali la kisayansi likabaki mikononi mwa mgeni. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani kupanga hivyo kwa nia mbaya. Mgawanyo huo, hata hivyo, uliishi muda mrefu kuliko waliouanzisha.

Chukua mfano wa Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika na kufika Serengeti mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Oxford. Aliwafuatilia nyati kwa miaka, na kazi yake ilisaidia kueleza jambo kubwa: kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioiteketeza mifugo yetu tangu miaka ya 1890, ndiko kulikowawezesha nyumbu kuongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwaka 1977. Ni ugunduzi wa kuheshimiwa. Ulihitaji mtu aliyelipiwa kukaa porini mwaka baada ya mwaka. Wangoreme, Waikoma na Wanata, ambao wawindaji wao walizijua njia za nyumbu kabla ya ramani yoyote, waliingia katika hadithi hiyo kama madereva, askari na waongozaji. Wengine waliingia kama majangili.

Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, ikafuata vita ya Uganda na ukata, na watafiti wengi wakaondoka. Sheria ya mwaka 1980 ikaunda taasisi ya taifa, ambayo leo tunaiita TAWIRI. Hapo mlango ulianza kufunguka. Simon Mduma alipata shahada ya uzamivu mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kwa utafiti juu ya nyumbu wa Serengeti, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa TAWIRI. Angalia njia yenyewe, lakini: hata Mtanzania aliyefika kileleni ilimbidi apitie chuo cha ng'ambo ili awasome nyumbu wa nyumbani.

Leo mhitimu huambiwa ajitolee. Ushauri huo humfaa mwenye mzazi wa kumlipia chakula na nauli kwa mwaka mzima. Mtoto wa mkulima wa mtama hawezi kuufuata, na kwa hiyo uzoefu unaendelea kuwa mali ya aliyelipiwa, kama mwaka 1966.

Tena ikolojia si nyumbu peke yao. Mwaka 2009 maji ya mgodi wa North Mara yalivuja na kuingia Mto Tigithe, upande wa Tarime, na wanavijiji wakabaki kubishana na kampuni juu ya vipimo ambavyo wao wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuvichukua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilikwisha kuagiza kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Afisa huyo akipewa fedha za kupima maji ya Mto Mara kila msimu, atahitaji wasaidizi wanaolipwa, wenye shahada na wanaoijua lugha ya wenyeji. Fungu hilo la bajeti hujadiliwa Mugumu na Tarime, na madiwani tuliowapigia kura.