Ardhi na Hadhari katika Riwaya ya Mapenzi ya Magharibi ya Marekani

Aghalabu wahakiki huitupa riwaya ya mapenzi ya wachunga ng'ombe wa Marekani katika kapu la fasihi pendwa, na kuiona hadhari baina ya wapenzi wake kuwa hila ya kurefusha msuko tu. Makala haya yanashikilia kwamba hadhari hiyo ina chimbuko la kihistoria, hususan katika umilikaji wa ardhi.

Sheria ya makazi ya mwaka 1862 iliwaruhusu wanawake wasio na waume, wajane wakiwemo, kudai ekari 160 za ardhi ya serikali. Mke wa mtu, kwa kawaida, hakuwa na haki hiyo. Kwa hivyo, mwanamke aliyesita kuolewa kabla ya kuwasilisha dai lake hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa akipiga hesabu.

Owen Wister, katika *The Virginian* (1902), anaikwepa hesabu hiyo. Mwalimu Molly Wood, mzaliwa wa Vermont, anasita kwa sababu ya tofauti ya kitabaka na ya umwagaji damu. Anatishia kuvunja uchumba iwapo mpenzi wake atapigana na Trampas. Mwanamume anapigana, Molly anaolewa naye hata hivyo. Hadhari inashindwa na bastola.

Katika miaka ya 1970, Janet Dailey aliiingiza ranchi ya kisasa katika riwaya za Harlequin. Hata hivyo, katika *No Quarter Asked* ranchi ni ya mwanamume, na mwanamke ni mgeni. Nora Roberts anaugeuza uhusiano huo katika *Montana Sky* (1996). Mabinti watatu, baba mmoja na mama mbalimbali, wanatakiwa na wosia kuishi pamoja ranchini mwaka mzima ndipo warithi. Willa anamshuku jirani yake, Ben, kwa kuwa wosia huohuo umempa Ben usimamizi wa ranchi. Hapa kumwamini mpenzi ni kuhatarisha mali.

Pamela Regis (2003) anakitaja kizuizi miongoni mwa vipengele vinane vya lazima vya riwaya ya mapenzi. Umbo hilo halikubadilika. Kilichobadilika ni mwenye ardhi. Lakini katika mapatano hayo yote mhusika mmoja hakuitwa: wenyeji asilia walionyang'anywa ardhi hiyo. Mhakiki anayeisoma hadhari ya wapenzi hana budi kuusoma pia ukimya huo.