"Mtoto" ni Nani? Upendeleo wa Kijinsia katika Historia ya Saikolojia ya Maadili

Mwanafunzi wa ualimu asomaye kwa Kiswahili kuwa mtoto hupitia hatua sita za ukuaji wa kimaadili hawezi kujua, kwa sentensi hiyo pekee, kwamba watoto waliochunguzwa hapo awali ili hatua hizo zipatikane walikuwa wavulana watupu. Kiingereza kilichoizaa nadharia hiyo kilitumia kiwakilishi cha kiume, na kiwakilishi hicho, pamoja na ubaya wake wote, kilimwachia msomaji makini alama ya kumshtua. Kiswahili hakina alama hiyo. Kiambishi a- humchukua mwanamume na mwanamke bila kubagua. Tabia hii husifiwa mara nyingi kuwa ni uadilifu wa lugha. Lakini hugeuka pazia pale inapotumiwa kufasiri nadharia iliyojengwa juu ya jinsia moja. Ili uzito wa jambo hili uonekane, yafaa historia yenyewe itazamwe.

Tangu saikolojia ilipojitenga na falsafa mwishoni mwa karne ya 19, mwanamume alikuwa ndiye mpimaji, na aghalabu ndiye kipimo. Mary Whiton Calkins alitimiza masharti ya shahada ya uzamifu huko Harvard mwaka 1895, akanyimwa shahada hiyo kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1905 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Leta Stetter Hollingworth naye hakuruhusiwa kufundisha katika shule za New York kwa sababu alikuwa ameolewa. Akarudi masomoni, na mwaka 1914 akazipeleka kwenye mizani imani mbili za zama zake. Ya kwanza ilidai kuwa akili ya mwanamke hudhoofika siku za hedhi. Hollingworth aliwapima wanawake kwa kazi za akili na za mikono, asiuone udhaifu huo. Ya pili ilishikilia kuwa wanaume hutofautiana wao kwa wao kuliko wanawake, na kwa hiyo vipaji vikubwa havina budi kuwa vyao. Yeye na Helen Montague walichunguza vipimo vya watoto wachanga 2,000, nusu wavulana na nusu wasichana, na imani hiyo nayo haikupata ushahidi.

Hao walikuwa wakijibu upendeleo uliotamkwa waziwazi. Mgumu zaidi ni ule usiotamkwa, nao ndio uliojikita katika taaluma ya maadili. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya uamuzi wa kimaadili wa mtoto, aliwatazama wavulana wa Uswisi wakicheza gololi na kubishana juu ya kanuni za mchezo. Michezo ya wasichana aliipitia kwa haraka, akahitimu kwamba hisia yao ya sheria ni hafifu kuliko ya wavulana. Carol Gilligan alikuja kugundua kichekesho fulani katika faharasa ya kitabu hicho: wasichana wametajwa humo mara chache, lakini wavulana hawamo kabisa. Hawakuhitaji kutajwa. Kila palipoandikwa "mtoto", palikuwa pao.

Lawrence Kohlberg aliendeleza kazi ya Piaget katika tasnifu aliyoitoa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1958. Hatua zake sita zilitokana na majibu ya wavulana, na kwa miaka zaidi ya 20 aliwafuatilia wavulana 84. Kisa chake mashuhuri ni cha Heinz, ambaye mkewe anakaribia kufa kwa saratani, na mwuza dawa anadai dola 2,000 kwa dawa ambayo imemgharimu 200. Je, Heinz aibe? Lililopimwa halikuwa jibu la ndiyo au la, bali hoja zilizolitegemeza. Hatua ya 3 ni ya kutaka kuwa mwema kwa walio karibu na kutunza uhusiano nao. Hatua ya 4 ni ya sheria na utaratibu wa jamii. Juu yake kuna kanuni za haki kwa watu wote. Wanawake walipopimwa, baadhi ya tafiti ziliwakuta wengi wao katika hatua ya 3. Mwaka 1969 Kohlberg na Kramer walieleza kuwa maadili ya hatua hiyo yalimfaa mke wa nyumbani. Haikufikiriwa kwamba huenda ngazi yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Gilligan, aliyekuwa Harvard pamoja na Kohlberg, alilifikiria hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 alilinganisha majibu ya watoto wawili wa miaka 11 aliowaita Jake na Amy. Jake alisema Heinz aibe, kwani uhai ni bora kuliko mali. Amy alikataa: Heinz akifungwa na mkewe akaugua tena, nani atamhudumia? Afadhali watu hawa wakae, wazungumze, watafute njia nyingine. Kwa kipimo cha Kohlberg, Amy alikuwa nyuma ya mwenzake kwa hatua nzima. Kwa Gilligan, alikuwa akijibu swali jingine, la nani atamtunza nani.

Hata hivyo, Gilligan naye hakupona. Mwaka 1984 Lawrence Walker alizipitia tafiti nyingi zilizotumia kipimo cha Kohlberg, akaona kuwa tofauti za kijinsia ni chache. Sara Jaffee na Janet Hyde walizijumlisha tafiti nyingine mwaka 2000: wanawake waliegemea hoja za utunzaji na wanaume hoja za haki, lakini kwa kiasi kidogo mno. Basi dai kuwa wanawake wana maadili ya namna yao pekee halina nguvu. Swali la nani aliyeitengeneza ngazi, na kwa majibu ya nani, halikuondoka kwa hayo.

Swali hilo lina mguu wake Kenya. Mwaka 1981 Harkness, Edwards na Super walichapisha uchunguzi wao wa Kokwet, jamii ya Wakipsigis. Viongozi sita walioheshimiwa kwa kuamua kesi walilinganishwa na wenzao sita. Viongozi waliwazidi wenzao, na hoja zao nyingi ziliwekwa katika hatua ya 3, ile ile waliyowekwa wanawake wa Marekani. Watu ambao jirani zao waliwaletea migogoro waipatanishe hawakuweza, kwa ngazi iliyotoka Chicago, kupanda zaidi ya hapo.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapojaribiwa. Akiandika "mtoto" kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, amekuwa mwaminifu kwa neno na kuusaliti ukweli. Akiandika "mvulana", atalaumiwa kuwa ameongeza lake. Lawama hiyo ya pili ni nyepesi. Vivyo hivyo kwa Kokwet: aandikaye "wazee 12 walihojiwa" hajakosea sarufi wala hesabu, lakini msomaji wake hataweza kujua kuwa wote 12 walikuwa wanaume.