Kimeng'enya Kinachounga

Mpishi wa mishikaki huparuza papai bichi, hulichanganya na tangawizi na kitunguu saumu, kisha huipaka nyama. Haichukui muda, nyama ngumu inalainika. Akiisahau mpaka asubuhi, ataikuta imerojeka. Kazi hiyo imefanywa na papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai, ambacho hukata minyororo ya protini vipande vipande. Vipande hivyo vifupi, vyenye asidi amino chache zilizoshikana, ndizo peptidi.

Neno kimeng'enya nalipenda. Limezaliwa na kitenzi kumeng'enya, na msikilizaji huanza kulielewa kabla hajafundishwa. Hata jina peptidi, alilolibuni mwanakemia Emil Fischer mwanzoni mwa karne ya 20, asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kilichomeng'enywa. Ila majina haya humfanya mwanafunzi aamini kwamba kimeng'enya ni cha kuvunja tu. Sivyo. Mwaka 1937 wanakemia Max Bergmann na Heinz Fraenkel-Conrat walionyesha kuwa papaini hiyohiyo inaweza kuunga.

Siri iko kwenye maji. Asidi amino mbili zinaposhikana, hutoka molekuli moja ya maji. Zinapoachana, maji hurudi. Ndani ya nyama maji ni tele, basi papaini hukata. Maji yakipunguzwa, au kinachoundwa kikituama chini kama mashapo, kazi hugeuka ikawa kuunga.

Njia ya kikemia ya kuunga peptidi ni nyingine kabisa. Mwanakemia Bruce Merrifield aliitangaza yake mwaka 1963, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Asidi amino ya kwanza hufungwa kwenye punje ndogo za plastiki, ya pili huungwa juu yake, mabaki huoshwa, kisha inafuata ya tatu. Mpangilio wowote unawezekana. Gharama yake ni kwamba kila asidi amino lazima ikingwe isishikane mahali pasipotakiwa, halafu kinga iondolewe, na viyeyusho vinavyomwagwa ni vingi.

Kimeng'enya huchagua. Chukua aspatamu, kikoleza utamu cha soda zisizo na sukari, iliyojengwa kwa asidi aspatiki na fenilalanini. Asidi aspatiki ina mikono miwili ya kushikia. Ukiunga kwa mkono usio wake, unapata kitu kichungu. Kemikali zisipodhibitiwa hushika mikono yote miwili. Themolisini, kimeng'enya cha bakteria wanaopenda joto, hushika ule mmoja unaotakiwa. Lakini uchaguzi huohuo ni kikwazo: kuna jozi nyingi ambazo kimeng'enya hakitaki kuziunga.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na wahariri wa vitabu vya sayansi: kuandika "usanisi wa kikemia", yaani uundaji kwa njia ya kemia, ni sawa, lakini msiandike "usanisi wa vimeng'enya" mkikusudia kuunga peptidi kwa kutumia vimeng'enya. Msomaji ataelewa kwamba vimeng'enya ndivyo vinavyotengenezwa. Andikeni usanisi kwa vimeng'enya.